Barua kwa mwanangu: usibadilishe laini

Marahaba mama. Sms yako niliiona jana usiku nikaona bora nikuandikie, maana kwa simu tungeishia kulia wote wawili. Umeniuliza kama ubadilishe laini upotee kwanza mpaka hoteli iwarudishe kazini, kwa sababu hao wa mikopo ya mtandaoni wanakupigia tangu asubuhi mpaka usiku na saivi wameanza kuwapigia na watu wako. Mi nasema hapana mwanangu, usibadilishe. Namba hiyo ndo meneja atakutafutia mvua zikiisha wageni wakianza kuja, ndo M-Pesa yako, shuleni kwa mtoto wanayo hiyo hiyo, alafu ukizima hawaachi, wanahamia kwenye majina yote waliyoyachukua kwenye simu yako na wewe hutajua nani kaambiwa nini.

Hata mimi wamenipigia. Dada mmoja anaongea haraka haraka, anasema mimi ni mdhamini wako nilipe kabla ya saa kumi jioni la sivyo picha zako zinasambazwa. Nikamuuliza, binti, nimesaini wapi? Akakata. Sasa elewa hapo, mdhamini ni mtu aliyekubali mwenyewe kukudhamini, kuwa na namba yangu kwenye simu yako hakunifanyi mdhamini, wala mama mkwe wako, wala huyo mwenzako wa mapokezi. Mi nimeshika hela ya kikoba chetu hapa Korogwe miaka mingi na kudai watu nimedai sana, mtu anayetaka hela yake irudi anakuuliza utalipa lini na shilingi ngapi, anaandika, mnaagana. Anayempigia mama mkwe wako kumwambia umetapeli, huyo anataka upate aibu mpaka ukakope kwingine umlipe yeye leo leo, na ndo hivyo app moja imezaa tatu.

Hebu tuangalie hesabu uliyonitumia. Uliomba laki moja, ikaingia elfu sabini na tano, nyingine wamekata juu kwa juu wanaita ada, na baada ya siku saba wanataka laki na elfu kumi. Yaani elfu thelathini na tano kwa wiki moja, kwa hela ambayo hata laki haikufika. Wakopeshaji wadogo wenye leseni ya Benki Kuu, yaani BoT, wamewekewa mwisho wa riba asilimia 3.5 kwa mwezi, kwa laki moja hiyo ni elfu tatu na mia tano. Kwa iyo kabla hujawatumia hata mia ingia kwenye tovuti ya BoT uangalie kama hao watatu wamo kwenye orodha ya wenye leseni, kwa sababu Novemba 2024 BoT walitangaza majukwaa na app 69 zilizokuwa zinakopesha mtandaoni bila leseni na zingine mpya zinaibuka kila siku. Hata kama hawana leseni, ile hela iliyokufikia mkononi uliitumia, irudishe mwanangu, tusile cha mtu. Lakini hayo mapenalti yanayoongezeka kila asubuhi usiyakubali kwa mdomo kwenye simu eti ili wanyamaze.

Cha kufanya leo, usifute app kwanza, piga skrinshoti kila kitu, mkataba, tarehe, kiasi ulichopokea, sms za matusi pamoja na namba zilizotuma, na meseji za M-Pesa za ulichokwisha lipa. Ukimaliza ingia kwenye setingi uinyime ruhusa ya kuona kontakti na picha, majina waliyokwisha yachukua hayarudi ila angalau hawataongeza. Alafu waandikie sms moja tu, kila app ya kwake, kitu kama hiki: "Habari, nilipokea sh 75,000 tarehe fulani. Kwa sasa sina kipato. Naomba mchanganuo wa deni kwa maandishi. Naweza kulipa sh 10,000 kila Ijumaa kupitia namba iliyo kwenye mkataba. Naomba tuwasiliane kwa sms." Basi. Wakipiga hupokei, sms utasoma mara moja kwa siku, mchana, sio usiku ukiwa umelala na mtoto. Na hela usimtumie "afisa" kwenye namba yake binafsi hata akuapie, ukituma huko kesho anakuja mwingine anasema hawajaiona.

Watu wako waambie wewe kabla hawajaambiwa. Najua hapa ndo pagumu. Mpigie mama mkwe mwenyewe kwa sauti yako, wengine watumie sms kwamba namba zao zimechukuliwa na app ya mkopo, wakipigiwa wasijibizane na wasitume hela. Wakishaisikia kwako huyo dada hana jipya la kuwaambia.

Hayo ya polisi usiyaogope, deni kama hili ni kesi ya madai, mwenye madai yake anaenda mahakamani na wewe unaitwa unasikilizwa, hakuna polisi wa kukufata nyumbani kwa sababu ya marejesho. Wao ndo wana la kujibu wakikutisha hivyo, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inakataza kumtumia mtu ujumbe wa kumtisha na kumsumbua, faini inaanzia milioni tano au kifungo kuanzia miaka mitatu. Na kuchukua namba za watu uliohifadhi ili wakudhalilishe kwao, hiyo ipeleke Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, sheria yake ni ya 2022. Hapo Arusha BoT wana tawi, nenda na skrinshoti zako ukaulize, usione aibu kuingia na kandambili.

Kwenye kulipa sasa, kodi ya chumba na chakula cha mtoto vitangulie. Kinachofuata ni ile SACCOS ya kazini, chama chenu cha akiba na mikopo, sio app, hata kama SACCOS hawapigi kelele, kwa sababu kule kuna mwenzako aliweka jina lake kwa ajili yako na wakikosa kwako watakata kwake. Kaongee na mwenyekiti wao wakusogezee marejesho mpaka msimu uanze, ongea na mwenye nyumba pia, watu wa ana kwa ana wanaelewana. App zinakuja mwisho, elfu kumi kumi. Na usikope tena popote mama, hata elfu tano ya kwenye simu, nakuomba sana.

Ulivyoandika kwamba ukisikia tu mlio wa simu unatetemeka iliniuma. Zima sauti, acha namba yangu na ya shule tu ndo zilie. Kula. Ukiona mawazo yanakupeleka pabaya nipigie hata saa nane usiku.

Mtoto wakifunga shule mpandishe basi na shangazi yake aje akae huku mpaka ukae sawa, nyumbani hapakosi cha kumpa. Kikoba tunagawana mwezi ujao, sehemu yangu nitalipia SACCOS moja kwa moja kwa hiyo nitumie namba yao ya akaunti pamoja na orodha ya madeni yote, yote mwanangu, hata yale uliyoona ni madogo ukaacha kuniambia.

Mama yako