Bakteria rafiki badala ya antibiotiki kwa nguruwe?

Umeuliza kama bakteria rafiki wanaweza kuchukua nafasi ya antibiotiki kwenye banda la nguruwe. Kwa kinga, kwa sehemu ndiyo. Kwa tiba, hapana: nguruwe mwenye homa ya nimonia mwitie daktari wa mifugo.

Bakteria hawa wanapofaa zaidi ni wiki mbili za mwanzo baada ya kuachisha kunyonya. Mtoto katolewa kwa mama, maziwa yamekatika ghafla, tumbo bado halijazoea nafaka. Hapo ndipo E. koli, bakteria wa kuharisha, hushambulia, na unamkuta mkia umelowa kwa kuhara, macho yamedidimia. Laktobasili, aina mojawapo ya bakteria rafiki, hutengeneza asidi ya laktiki na kugombania nafasi kwenye ukuta wa utumbo, adui akose pa kushika. Ila ukinunua chakula cha peleti (punje zilizoshindiliwa kwa joto), tafuta chenye Basilasi, bakteria rafiki wa aina nyingine, maana spora zake, yaani mbegu zenye ganda gumu, huvumilia joto la kiwandani. Laktobasili wengi hufa humo, unalipia maiti!

Usiwachanganye bakteria rafiki na antibiotiki kwenye maji bila ushauri, dawa haichagui, huua na hao rafiki. Na banda likiwa chafu, sahau. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku antibiotiki za kukuzia mifugo tangu 2006, na nguruwe bado wanafugwa.