Kabla ya Kutuma Ujumbe, Uliza Simu Iko Mfukoni mwa Nani

Migomba ya hapa Bwera, wilayani Kasese, Uganda, ilipoanza kunyauka, niliamini kabisa kwamba simu ndiyo ingetuokoa. Ugonjwa wenyewe, mnyauko wa bakteria, ulionekana mara ya kwanza nchini mwaka 2001, kule Mukono, na namna ya kuuzuia inajulikana. Vichane vyote vikishatoka, ondoa lile ua linaloning'inia chini ya mkungu, kwa fimbo yenye panda wala si kwa panga, kwa sababu wadudu huchukua vijidudu kwenye ua hilo na kuvipeleka mgomba wa jirani. Usihamishe panga kutoka shina gonjwa kwenda shina zima kabla ya kulisafisha. Dawa ya kunyunyiza hakuna. Mkulima anayejua mapema ndiye anayebaki na shamba.

Basi nikaandika ujumbe mfupi kwa Kiswahili, kwa kuwa huku mpakani Mpondwe tunauziana na Wakongo na kila mtu anakisikia, nikautuma kwa kikundi chetu chote cha kuweka akiba. Baada ya wiki mbili nikatembea nyumba 11. Mama wa nyumba ya tatu alikuwa shambani na panga mkononi, anakata maua. Nikamuuliza kama hakupata ujumbe wangu.

"Mwalimu, simu ni ya baba watoto," akanijibu. "Na baba watoto yuko senta."

Nyumba nyingi nilikuta hivyohivyo. Anayelima hana simu, mwenye simu halimi. Tangu siku ile, kabla ya kuandika namba ya mtu kwenye daftari naanza kumuuliza: simu hii hulala wapi, na mchana huwa kwa nani? Mama asiye na yake namuuliza angependa ujumbe wake upitie kwa nani: binti yake anayesoma, jirani, au mweka hazina wa kikundi. Achague mwenyewe. Usimchagulie, maana huyajui ya nyumbani kwake.

Kosa la pili lilikuwa langu pia, tena linaniuma zaidi. Niliandika "takasa zana". Waliousoma wakasuuza mapanga kwa maji, wakaamini wametii, na ugonjwa ukaendelea kusafiri shina kwa shina. Sasa naandika: "Choma panga kwenye moto mpaka liwe la moto usiweze kuligusa." Andika kile ambacho mikono itafanya. Halafu msomee mtu mmoja asiyejua habari hiyo, umwambie akueleze yeye atafanya nini kesho asubuhi. Ukisikia kitu kingine, rudi ukaandike upya.

Liko na jambo dogo la gharama ambalo wengi hawalijui. Ujumbe wa kawaida hubeba herufi 160. Lakini ukiandika "ng'oa" au "ng'ombe" kwenye kompyuta, mara nyingi programu hugeuza ile alama ya ng' ikawa iliyopinda, na alama hiyo moja tu inatosha ujumbe wako uanze kuhesabiwa kwa herufi 70. Ujumbe mmoja uliojaa unaweza kulipiwa kama mitatu. Rudisha alama iliyonyooka kabla ya kutuma.

Wazee wetu wengi hawasomi, au macho yamechoka na kioo cha katochi, ile simu ndogo ya vitufe yenye tochi, ni kidogo. Hao nawapigia. Wao hunibipu, mimi narudisha, na salio linatoka kwangu au kwenye mfuko wa kikundi. Mtu anayetafuta hela ya kuchaji simu dukani usimwombe na vocha. UNICEF walipoanzisha U-Report, huduma ya kuwauliza vijana maoni yao kwa ujumbe mfupi, hapa Uganda mwaka 2011, kijana alijiunga kwa kutuma neno moja kwenda 8500 bila kulipa chochote, na naamini hilo lilisaidia sana.

Majaribio makubwa yamefanyika nchini hata kabla ya hapo. Mwaka 2009 shirika la Grameen Foundation, Google na kampuni ya simu ya MTN walileta huduma ya kuuliza mambo ya kilimo na afya kwa ujumbe mfupi. Ninachokipenda zaidi ni kwamba Grameen Foundation waliwafundisha pia wakulima wenyewe, wakawapa simu, wawatafutie majirani majibu na kuwasomea. Mtu wa kijijini, anayejulikana kwa jina na ukoo, anaulizwa swali la pili na la tatu. Ujumbe hauulizwi.

Nililiona hilo Juni 2019, Ebola ilipovuka kutoka Kongo na kuingia kwetu. Simu zilijaa uvumi kutoka namba zisizojulikana, na watu hawa walishachoshwa na matapeli wanaowaambia wameshinda zawadi. Walionipigia hawakuwa na haja ya maelezo marefu. Walitaka kusikia sauti wanayoifahamu. Kwa hiyo jitambulishe kwanza kwenye mkutano, uso kwa uso, watu waweke namba yako kwa jina lako, ndipo uanze kutuma. Tuma jioni, simu zikiwa zimerudi nyumbani.

Yule mama wa nyumba ya tatu alichagua ujumbe wake upitie kwa binti yake. Juzi alinibipu, nikampigia. Hakuwa na swali. Alitaka nijue kwamba fimbo yake ya panda ameiazimisha nyumba ya nne.