Tanuri la chokaa kisiwani

SWALI: Mhariri, nimeona picha ya matanuri ya chokaa ya kisiwa cha Lindisfarne, Uingereza, yaliyojengwa kwa mawe hata yakafanana na ngome. Kwa nini watu walihangaika kuyajenga kisiwani, na je, wazee wa Kilwa nao walikuwa na matanuri ya aina hiyo?
Msomaji, Kongwa, Dodoma

JIBU: Tuanze na jiwe lenyewe. Majabali mengi yanayotuzunguka hapa Dodoma ni itale, ambayo hata ukiichoma mwezi mzima haitoi chokaa. Linalohitajika ni jiwe la chokaa au tumbawe, ambalo likifikia joto la nyuzi 900 hivi huachia hewa ukaa. Kilo 100 za jiwe safi hubaki kilo 56 tu, kwa hiyo anayesafirisha jiwe bichi hulipia nauli ya mzigo utakaopotea angani. Ni nafuu tanuri lilifuate jiwe.

Lindisfarne ilikuwa na jiwe hilo upande wa kaskazini. Matanuri ya miaka ya 1860 yalijengwa karibu na bahari, mawe yakaletwa kwa mabehewa yaliyokokotwa na farasi juu ya reli, na makaa yakaja kwa meli kutoka Dundee, Uskoti. Mawe na makaa vilimwagwa kwa juu, tabaka juu ya tabaka, na chokaa ikatolewa chini kupitia matao, huku moto ukiendelea kuwaka. Chokaa hiyo ilipakiwa melini kwa uangalifu mkubwa, kwa sababu ikiguswa na maji kabla ya kuzimwa, yaani kunyunyiziwa maji kwa makusudi, hutoa joto linaloweza kuunguza chombo.

Mafundi wa pwani yetu walifanya kazi hiyo hiyo bila jengo lolote. Walipanga magogo kwa duara, wakaacha uwazi katikati wa kuwashia, wakarundika matumbawe juu, na moto ulipokwisha wakainyunyizia maji chokaa iliyobaki ili kuizima. Tanuri liliteketea pamoja na kuni zake, na kwa maoni yangu ni kosa kubwa kuuona ustadi huo kuwa mdogo eti kwa sababu haukuacha magofu yake. Ukivuka kwa mashua kutoka Kilwa Masoko hadi Kilwa Kisiwani, kagua kuba za Msikiti Mkuu na kuta za Husuni Kubwa, jumba la karne ya 14: chokaa iliyoshikanisha matumbawe yale ilichomwa kwa njia hiyo.