Maswali Yenu: Je, Picha Nilizopiga Zinaweza Kunilipa?

SWALI: Mhariri, pokea salamu zangu. Mimi ni mpiga picha wa harusi, mkazi wa Umoja hapa Nairobi. Kompyuta yangu imejaa picha nilizopiga kwa hiari yangu mwenyewe: matatu, masoko, na simba wa Mbuga ya Taifa ya Nairobi huku maghorofa ya jiji yakionekana kwa nyuma. Nasikia zipo tovuti za ng'ambo zinazonunua picha za namna hii. Je, ni kweli, na malipo yake yanaweza kunitosha niachane na harusi?

JIBU: Zipo, ndugu yangu, ila harusi usiziache. Tovuti kama Shutterstock, Adobe Stock na Alamy hazinunui picha yenyewe, bali humuuzia mteja ruhusa ya kuitumia, kisha hukupa wewe sehemu ya fedha hizo, nayo picha hubaki yako na inaweza kuuzwa tena na tena. Sehemu hiyo ndiyo inayowavunja wengi moyo. Adobe Stock humpa mpiga picha asilimia 33, ilhali Shutterstock, kwa utaratibu ulioanza mwaka 2020, humwanzisha kwa asilimia 15 na kumpandisha hadi 40 kadiri picha zake zinavyopakuliwa, kisha kila Januari humrudisha chini aanze upya. Kwa kuwa wateja wengi hulipia kwa mwezi au kwa mwaka na kujipakulia picha nyingi, picha yako moja inaweza kukuletea senti chache tu za dola. Isitoshe, utajaza fomu ya kodi ya Marekani iitwayo W-8BEN, na kwa sababu Kenya haina mkataba wa kodi ya mapato na nchi hiyo, asilimia 30 ya mapato yanayotokana na wanunuzi walioko huko hukatwa kabla pesa hazijakufikia.

Simba na maghorofa sikushauri uwategemee, maana kila anayeingia mbuga hiyo na kamera hutamani kutoka na picha iyo hiyo. Ningekuwa wewe, ningepiga maisha ya kawaida ya jiji: mama mboga akipokea malipo kwa simu, mafundi wakiwa mjengoni, wahasibu wakiwa kikaoni Upper Hill. Hapo ndipo hati ya idhini inapohitajika, kwani mtu yeyote anayetambulika katika picha itakayotumiwa kwa matangazo ni lazima awe ameitia sahihi. Bila hati hiyo, picha huuzwa kwa matumizi ya habari pekee. Matatu zako nazo, kwa zile nyuso za wanamuziki na nembo za timu za mpira zilizochorwa ubavuni, ziko katika kundi hilo la pili. Wala usidhani kwamba idhini ni usumbufu wa wageni tu: tunayo Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na mwaka 2023 Kamishna wa Data aliitoza baa moja ya Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuchapisha picha ya mteja bila ridhaa yake.

SWALI: Kampuni moja ilinilipa niwapige picha wafanyakazi wake kwa ajili ya ripoti ya mwaka. Sasa mojawapo ya picha hizo imo kwenye bango kubwa kando ya barabara ya Thika. Je, ninaweza kudai malipo mengine? Dada wa Kasarani.

JIBU: Inategemea mliyoandikiana, dada, na kama hamkuandikiana chochote, nahofia dai lako ni dhaifu. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 huchukulia kwamba hakimiliki ya kazi iliyoagizwa imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa pale ambapo makubaliano yenu yanasema vingine. Wapiga picha wengi hushangaa kusikia hivi, kwa sababu wamezoea kuamini kwamba aliyebonyeza kamera ndiye mwenye picha. Kwa kazi ijayo, andika hata ukurasa mmoja, pande zote mbili mtie sahihi, ukitaja picha zitatumika wapi, kwa muda gani, na kwamba matumizi mengine yoyote yatalipiwa upya. Ndugu yetu wa Umoja naye asome jibu hili kabla hajapakia picha za maharusi kwenye tovuti yoyote. Picha ulizopiga bila kuagizwa na mtu wala kuajiriwa ni zako, na sheria huzilinda kwa miaka 50. Unaweza kuzisajili kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, si kwa lazima, bali ili upate ushahidi iwapo mtazozana.

SWALI: Sina kamera. Je, simu inatosha? Msomaji, Kawangware.

JIBU: Inatosha. Shutterstock na Adobe Stock hutaka picha isiyopungua megapikseli 4, na simu nyingi za siku hizi zimevuka kiwango hicho. Tuma faili kama lilivyotoka kwenye simu, si lile lililopitia WhatsApp likapunguzwa, na kabla ya kulituma likuze hadi ukubwa wake kamili utazame sehemu zenye kivuli. Ukiona chembechembe humo, rudi uipige picha hiyo mchana.