Unataka reli ndogo nyumbani? Anza na stesheni moja, tena ya huku kwetu

Tangu treni ya umeme ianze kufika Dodoma Julai 2024, watu wanaoniuliza kuhusu reli zangu za mezani, yaani treni ndogo za mfano zinazotembea kwa umeme, wameongezeka sana, na swali ni lile lile, nianze na nini. Jibu langu halijabadilika: anza na stesheni moja tu, ndogo, ya sehemu unayoijua vizuri, ijenge mpaka iishe, iendeshe kama reli inavyoendeshwa, afu ndo uongeze kipande kingine. Usianze na ramani ya chumba kizima. Nimewaona wenzangu kadhaa, hela wanazo na nafasi wanayo, wanaanza na meza ya sita kwa sita, reli zinazunguka mara tatu, milima, madaraja, afu miaka inapita ile meza bado mbao tupu na waya zinaning'inia, mwishowe yanawekwa mabegi ya nguo juu yake. Inauma kuangalia.

Mi najenga reli ya kati, ile ya zamani, kipande cha Bahi kwenda Saranda kabla treni haijaanza kupanda ukingo wa Bonde la Ufa kuelekea Manyoni. Reli hii Wajerumani waliianza Dar mwaka 1905, ikafika Dodoma 1910, Tabora 1912, Kigoma 1914, na ukisafiri nayo utaona vistesheni vya njiani vina ukoo mmoja: jengo dogo, mti wa kivuli, njia ya pembeni ya kupishania, na treni ikisimama tu akina mama wanatokea na mabeseni kichwani. Hicho ndo kitu cha kujenga. Kutoka Dodoma mjini mpaka Bahi ni kilomita 50 na ushee, na hata ukizipunguza mara 87, kipimo ninachotumia mimi, bado unahitaji zaidi ya mita 570 za reli, kwa hiyo hakuna nyumba itakayobeba safari nzima. Huwezi kukwepa kuchagua, so chagua sehemu yenye kazi nyingi ndani ya nafasi ndogo, na sehemu hiyo ni stesheni.

Sasa tuje kwenye skeli maana hapa ndo wengi wanakwama. Skeli iliyozoeleka zaidi duniani ni HO, yaani kila kitu kimepunguzwa mara 87, mtu mzima anakuwa na urefu wa sentimita 2 hivi. Reli yake ina upana wa milimita 16.5, na hiyo ni SGR yetu kabisa, ile reli mpya ya treni ya umeme, maana milimita 1,435 ukigawa kwa 87 unapata hapo hapo. Lakini reli yetu ya zamani ni ya mita moja, ukigawa inakuja milimita 11 na nusu, kwa hiyo ukitaka ionekane sawa unatumia reli ya milimita 12, wenyewe wanaiita HOm. Usiweke treni ya kati juu ya reli ya 16.5 ukasema haijulikani, inajulikana, mtu yeyote aliyewahi kusimama stesheni ya Dodoma ataona behewa limekaa kwenye reli pana kuliko inavyotakiwa. Kampuni ya Peco ya Uingereza inatengeneza reli za HOm, na Bemo ya Ujerumani wana treni za upana huo kwa sababu Uswisi wana reli nyingi za mita moja. Usitegemee kukuta dukani injini yenye rangi za TRC, shirika letu la reli, mwili wa juu utaujenga mwenyewe kwa karatasi za plastiki. Njia rahisi ni kutafuta injini iliyotumika ya skeli ya TT, ile ya 1:120, magurudumu yake yana upana wa milimita 12 hizo hizo, unavua mwili wake unabaki na mota na magurudumu, unavalisha mwili wako wa 1:87 juu.

Anayetaka SGR kazi yake ni nyepesi upande wa reli lakini nzito upande wa nafasi, mabehewa ni marefu, kona ikibana chini ya nusu kipenyo cha sentimita 60 yanaanza kugusana na yakipita yanaonekana vibaya, na bado kuna nguzo na waya za juu. Kama chumba ni kidogo sana angalia skeli ya N, 1:160, reli milimita 9, kona ya sentimita 30 inatosha treni fupi.

Meza nitaipitia haraka. Wengi wetu hapa Dodoma ni wapangaji, leo uko Nkuhungu mwakani uko Ihumwa, kwa hiyo tengeneza vipande vya sentimita 120 kwa 60 vinavyounganishwa kwa bolti, fremu ya mbao nyepesi na plaiwudi ya milimita 9 juu. Kipande kipite mlangoni na kibebwe na watu wawili. Basi.

Reli na waya ndo usiharakishe hata kidogo. Vile vibati vya kuunganishia reli usiviamini kupitisha umeme, vinashika vumbi na kutu, treni inaanza kusita sita. Chini ya meza pitisha waya mbili nene, hizi hizi za 2.5 za kuvutia umeme wa nyumba, moja nyekundu moja nyeusi, afu kila kipande cha reli kipate vijiwaya vyake viwili vimechomewa kwa risasi ya mafundi redio kwenda kwenye zile waya nene. Kama hujawahi kushika sodaringi nenda kwa fundi redio mtaani kwako mlipe akufundishe nusu saa. Acha mwanya mdogo wa nusu milimita kati ya reli na reli, maana huku kwetu mbao inasinyaa kiangazi na kutanuka mvua zikija, na reli isiyo na mwanya inapinda. Ukitumia mfumo wa dijitali, DCC, ambapo kila injini ina dekoda yake (kisakiti kidogo cha kupokea amri) na namba yake, fanya jaribio la sarafu: chukua shilingi mia, ilaze juu ya reli zote mbili sehemu ya mbali kabisa na kontrola, kile kifaa cha kuendeshea treni, kontrola inatakiwa izime papo hapo. Isipozima, umeme haufiki vizuri pale na siku treni ikianguka itaunguza kitu. Pima kila kona.

Kuhusu mlima, najua kila mtu anautaka. Treni ndogo inapanda vizuri mwinuko wa sentimita 2 kwa kila mita, zaidi ya 3 mabehewa yanaanza kuivuta nyuma. Reli ipite juu ya nyingine inahitaji kimo cha sentimita 8 hivi, kwa hiyo unahitaji mita 4 za kupandia, na mita 4 nyingine za kushukia kama unarudi chini. Ndo maana mi Saranda nimeishia miguuni mwa mlima, ukingo wenyewe nimeuchora ukutani.

Haya, mandhari, na hapa Dodoma imetupendelea kuliko mtu yeyote wa Ulaya. Wenzetu kule wanahangaika na majani ya kijani, mito, theluji. Wewe weka reli yako mwezi wa nane au wa tisa, kiangazi kimekolea, mibuyu haina jani hata moja, nyasi zimekauka, udongo mwekundu uko wazi. Mbuyu nautengeneza hivi: nachukua kipande cha waya wa umeme wa kizamani wenye nyuzi nyingi za shaba, navua plastiki, nasokota nyuzi zote ziwe shina, juu nazigawa mafungu matano sita, kila fungu nalisokota kidogo afu naligawa tena mpaka ncha inabaki uzi mmoja mmoja. Shina nalizungushia toilet paper iliyolowa gundi ya mbao mpaka linenepe, na kabla haijakauka nabonyeza kwa kucha kuanzia chini kwenda juu ile mikunjo ya mbuyu itokee. Mbuyu wa mita 15 kwenye HO ni sentimita 17, usiufanye mdogo, watu wanaogopa kuweka mti mkubwa karibu na stesheni wakati mbuyu kwa asili yake unalifunika jengo. Rangi ni kijivu chenye wekundu kwa mbali, siyo kahawia. Migunga ni waya huo huo ila juu unalaza bapa, unamwagia nyuzi za katani zilizokatwa fupi fupi. Katani hiyo hiyo, kamba ya dukani tu, ukiikata milimita 4 na kuisimamisha kwenye gundi ndo nyasi zako kavu, na hazihitaji rangi.

Udongo tumia wa kweli. Chota ule wa sehemu unayoijenga, mi wangu ni wa Bahi kabisa, uchuje kwa kichujio cha chai, ukaange kwenye sufuria kuukuu mpaka ukauke na wadudu wafe, afu, na hili tafadhali usiliruke, pitisha sumaku. Funga sumaku kwenye mfuko mwembamba wa plastiki, izungushe ndani ya udongo uliotandazwa kwenye sinia, utaona vichembe vyeusi vimeota manyoya kwenye mfuko. Hicho ni chuma, na mota ya injini ina sumaku ndani, injini ikipita itavinyonya vyote na siku moja itasimama. Rudia mpaka mfuko utoke mweupe. Kuugandisha, nyunyizia kwanza maji yenye tone la sabuni ya vyombo yalowanishe vizuri, afu dondoshea gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, kwa bomba la sindano. Bila sabuni gundi inakaa juu kama shanga na udongo unafanya mashimo. Kokoto za kati ya mataruma ni hivyo hivyo, ila ziwe ndogo kweli, kokoto ya kweli ya sentimita 5 kwenye HO ni nusu milimita, yaani mchanga.

Vumbi. Kwenye miezi ile ya upepo, wa sita mpaka wa tisa, vumbi la Dodoma linaingia hata dirisha likiwa limefungwa, kwa hiyo reli ikiwa haitumiki funika na nailoni, si shuka, shuka linaacha nyuzi. Kabla ya kuendesha futa reli na kitambaa chenye spiriti. Usitumie msasa, unaacha mikwaruzo na uchafu unajificha humo. Magurudumu ya injini yanasafishika hivi: weka tishu iliyolowa spiriti juu ya reli, pandisha magurudumu ya mbele juu ya tishu, ya nyuma yabaki kwenye reli tupu yapate umeme, ishike injini kwa mkono na uwashe, yale ya mbele yanajisugua yenyewe mpaka yaache mistari myeusi, afu geuza. Na mabehewa yenye magurudumu ya plastiki badilisha weka ya chuma, plastiki inasambaza uchafu reli nzima.

Kuendesha ndo raha yenyewe, na ndo watu wengi hawafiki. Treni inayozunguka tu utaichoka wiki moja. Reli ya kati ni njia moja, treni zinapishana stesheni, so moja lazima iingie pembeni isubiri, na kusubiri kule ndo kunakofanya ifanane na reli. Hakikisha njia ya kupishania ni ndefu kuliko treni yako: injini na mabehewa manne ya HOm ni kama sentimita 110, basi pembeni iwe 130. Mi natumia kijiti cha mbao kilichopakwa rangi, mwenye kijiti ndo anaruhusiwa kuingia kipande cha njia, asiye nacho anasimama hata kama njia anaiona iko wazi. Mpwa wangu akija Jumapili salamu yenyewe inaenda hivi, "Shikamoo mjomba, leo mizigo yangu eeh?" maana treni ya mizigo ndo ina kazi. Kila behewa lina kikaratasi chake kimeandikwa linatoka wapi, limebeba nini, linashushwa wapi: tumbaku ya Tabora, alizeti ya Manyoni, mawese na dagaa wa Kigoma, saruji ya Dar. Yeye anatakiwa alitoe behewa la saruji katikati ya treni, aliache kwenye banda la mizigo, achukue lililo tupu, arudi pembeni, na yote hayo yaishe kabla treni ya abiria haijafika. Hapo kwenye pointi mbili, yaani pale njia inapogawanyika, na sentimita 240 za meza anaweza kukaa saa nzima na jasho linamtoka.

Na mwendo, jamani, punguzeni. Treni ya kilomita 50 kwa saa kwenye HO inakwenda sentimita 16 tu kwa sekunde. Weka alama mbili reli ikiwa mita moja kati yake, shika simu upime, ikipita kwa sekunde 6 uko sawa. SGR ikiwa kwenye kilomita 160 inapita hiyo mita kwa sekunde 2. Injini ikishindwa kutembea polepole bila kusita, tatizo karibu kila mara ni uchafu au vijiwaya chini ya meza, kaangalie huko kabla hujailaumu mota.

Kipande cha pili kiongeze siku utakapoona treni mbili zimeshapishana na ya tatu haina pa kusubiri. Na hicho cha pili kisiwe stesheni nyingine. Kiwe njia tupu, porini, mibuyu miwili na tuta la reli, treni ipate umbali wa kutembea kabla haijafika mahali.