Mteja wa kisiwani haoni karatasi ya mlangoni

Nauza zana za uvuvi Kirumba, Mwanza, karibu na soko la samaki la Mwaloni: nyavu za dagaa, kamba, maboya, taa za sola. Wateja wangu wengi hawapiti mbele ya duka kila siku. Wanatoka Ukerewe, wengine Sengerema, na safari ya kuja kwangu wameipigia hesabu ya nauli.

Krismasi ya 2023 iliangukia mbalamwezi. Dagaa huvuliwa gizani, kwa taa, kwa hiyo mwezi ukijaa mitumbwi hupumzika na wavuvi huja mjini kununua. Hilo sikuliwaza kabisa. Nilibandika karatasi mlangoni, "Tumefunga, heri ya sikukuu", nikaenda kwa mama yangu, Maswa.

Jumatano tarehe 27, mchana, simu ikaita. "Mama, nimesimama mlangoni kwako." Ni mzee mmoja, mteja wangu wa miaka, ametoka Nansio na meli. Sikukuu ni tarehe 25 na 26, ya 27 ni siku ya kazi. Hesabu yake ilikuwa sahihi. Akalala gesti. Kesho yake nilipomfungulia hakunigombeza. Alizihesabu noti zake juu ya kaunta mara mbili, akachukua kamba na taa moja, nyavu akaziacha. Iliniuma sana, na mpaka leo sijasahau vile vidole.

Tangu hapo taarifa yangu inamfikia mteja kabla hajakata tiketi. Naituma wiki moja kabla, naikumbusha siku mbili kabla. Na ni meseji ya kawaida, kwa sababu wavuvi wengi wana kitochi. Ya Krismasi ya 2025 ilikuwa hivi: "Duka la nyavu Kirumba: tunafunga Jumatano 24 Desemba saa 7 mchana. Tunafungua Jumatatu 29 Desemba saa 2 asubuhi. Dharura piga namba hii. Krismasi njema." Inaenea kwenye meseji moja ya herufi 160. Siku ya kufungua ndiyo mteja anayoitafuta, na wengi wetu ndiyo tunayoisahau.

Usiandike "kesho". Meseji inatumwa kwa mwingine, inasomwa siku ya pili, na kesho yako imeshakuwa leo yake. Andika siku na tarehe pamoja.

Saa nazo zinahitaji uangalifu. Ukiandika "8:00 – 1:00", mmoja ataelewa saa 2 asubuhi hadi saa 7 mchana, mwingine atakuja saa 8 mchana akute kufuli. Andika "saa 2 asubuhi", kwa maneno ya watu. Kwenye Google Maps, ambako saa ni za kizungu, kuna sehemu ya kuweka saa za sikukuu. Ijaze, maana usipoijaza inaendelea kuonyesha kwamba uko wazi.

Idi el-Fitri ina ugumu wake. Ramadhani huwa siku 29 au 30, na mwezi unatangazwa usiku, wakati mteja ameshapanga safari. Nilihangaika na tarehe mpaka nikaziacha. Sasa naandika: "Tunafunga Idi Mosi na Idi Pili. Idi Tatu saa 2 asubuhi tuko dukani." Mwezi uandame lini, kila mtu atahesabu mwenyewe. Na kumbuka Idi hii huja mwezi ukiwa mchanga, giza la dagaa limekolea. Mvuvi aliyechaniwa wavu siku hiyo hawezi kusubiri. Namba ya dharura ipokelewe kweli. Mimi namwachia funguo kijana wangu wa dukani, ambaye anasherehekea Krismasi, na Krismasi ikifika nabaki mimi.

Karatasi ya mlangoni bado naibandika, kwa ajili ya majirani. Yule mzee namtumia meseji yake peke yake, kisha nampigia.