Nimevuta WRX S4, Dar ilikuwa inaruka ila Arusha inasita: nimebebeshwa?

SWALI

Shikamoo fundi. Mi ni kijana wa Moshi, nyumbani Soweto ila kazi iko Arusha, kwa hiyo wiki nzima niko Njiro na wikiendi narudi. Nimeagiza Subaru WRX S4 ya 2015 kutoka Japani, ile GT-S, imesoma km 78,000. Nilivyoitoa bandarini nikaipandisha mwenyewe, aisee kuanzia Chalinze mpaka Mombo nilikuwa nacheka peke yangu, gari inachanganya balaa. Sasa tangu nianze kuitumia Arusha, ukikanyaga mafuta inasita kwanza kama inaomba ruhusa, alafu ndo inakurusha ghafla. Pili ni ngumu, kila tuta la Kikatiti nalisikia mgongoni. Tatu nikiwa 60 mpaka 80 kuna mlio wa wuuuu sijui unatoka wapi. Mjini lita moja inaniendesha km 7 tu. Washkaji wanasema niiflashi kompyuta, nitoe limita ya 180 na niweke egzosi kubwa, eti itaacha kusita. Mwingine kasema nibadilishe taimingi belti haraka kabla haijakatika. Naanza na lipi, au nimebebeshwa?

JIBU

Marahaba mdogo wangu, na hongera kwa chuma. Kwa maelezo yako sioni dalili ya kubebeshwa mpaka sasa, ila naona mtu anayetaka kuongeza nguvu kwenye gari ambayo hajajua kama nguvu yake ya kiwandani ipo yote, na hapo ndo nitakubania kidogo.

Tuanze na kusita maana ndo kubwa. Uliijaribu gari kwenye hewa ya pwani alafu ukaileta mlimani. Arusha mjini tuko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, hewa ya hapa ni nyepesi, pungufu kama asilimia 15 ukilinganisha na Dar. Moshi mjini ni mita 800 na kitu, upungufu wake ni kama asilimia 9, kwa hiyo ukiisikiliza vizuri wikiendi ukiwa nyumbani utaona ina nafuu kidogo. Hiyo injini yako, FA20, ni lita mbili tu. Zile hosipawa 300 na toki ya Nm 400 kuanzia mizunguko 2,000 ni kazi ya turbo, ile feni inayoisukumia injini hewa ya ziada, na turbo inazungushwa na moshi unaotoka kwenye injini yenyewe. Sasa ile sekunde ya kwanza unakanyaga, turbo haijaamka bado, maana yake pale unaendesha gari ya lita mbili ya kawaida inayovuta hewa nyepesi ya Arusha na mgongoni ina tani moja na nusu. Lazima isite. Turbo ikishaamka kompyuta inailazimisha izunguke zaidi kufidia hewa iliyopungua, na ndo hapo unarushwa. Kwa hiyo pwani hiyo tofauti ya kabla na baada ya turbo ulikuwa huisikii sana, huku juu inajitokeza, na hiyo sio ugonjwa.

Ongeza na gia yenyewe. S4 ni CVT, haina gia za kuhesabu, na kwenye usukani kuna vibonyezo vya SI-DRIVE, kuna I, kuna S na kuna S yenye alama ya reli, yaani S#. Kwa kuwa dashibodi yako imeandikwa Kijapani nina wasiwasi unatembea kwenye I siku zote bila kujua, na kwenye I gari inafanywa mpole makusudi ili kubana mafuta, unakanyaga nusu yenyewe inakupa robo. Weka S upande nayo mlima wa kutoka Tengeru kuja mjini ukiwa peke yako, alafu jaribu ile ya reli ambayo CVT inajifanya ina gia nane. Ikiwa kusita kumepungua sana basi nusu ya swali lako imejibiwa bure na gereji usije.

Sasa kama bado inasita hata kwenye S, tunahamia kwenye petroli, na hapa ndo watu wengi wa hizi gari za Japani wanapigwa bila kujua. Angalia ndani ya kifuniko cha tenki, kuna maandishi ya Kijapani yanasema iwekewe petroli ya oktani ya juu. Japani petroli ya daraja hilo kisheria haitakiwi kushuka chini ya 96 na pampu nyingi zinauza 100. Sisi 100 hatuna. Oktani ni uwezo wa petroli kuvumilia kubanwa bila kujilipukia yenyewe kabla ya muda, na injini yako inabana sana, 10.6 kwa 1, alafu juu yake turbo inaongeza presha. Petroli ikijilipukia mapema ndo mafundi wanasema injini inanoki, na ukiiacha inoki kwa muda pistoni zinapasuka. Subaru hawakuacha hivyo, waliweka sensa inayosikiliza huo mlio wa kunoki, na ikiusikia kompyuta inachelewesha moto wa plagi. Injini inapona ila nguvu inapungua, na dereva anachosikia ni gari nzito isiyochangamka, inayosita, inayokula mafuta. Unaona hayo malalamiko yanafanana na ya nani?

Uzuri ni kwamba hili linapimika, hamna haja ya kubishana. Kompyuta ya Subaru ina namba inaitwa DAM, ni kama imani yake kwa petroli unayoiwekea. Ikiwa 1 kamili kompyuta iko raha na inatoa moto wote, ikishuka 0.8 au 0.6 ujue inanoki na imekata tamaa. Mashine za kupimia za kawaida nyingi haziioneshi, tafuta fundi mwenye programu inayosoma Subaru kwa undani, na usikubali jibu la "hamna taa imewaka kwenye dashi kwa hiyo iko poa", taa inaweza isiwake na nguvu ikawa imeshapungua. Kabla ya kupima jaza tenki kwenye kituo chenye mzunguko mkubwa wa magari, tembea mpaka iishe karibu yote, jaza tena hapohapo, ndo upime. Vile vikopo vya kuongeza oktani vinavyouzwa madukani mi sivipendi, vingi vinaongeza kidogo sana na vyenye madini ya manganizi vinaacha ukungu mwekundu kwenye plagi, utatengeneza hili uharibu lile.

Wakati uko huko toa plagi zote nne ziangaliwe. Hii injini imelala, plagi ziko ubavuni karibu na chasisi, ni kazi ya kujikunja na ndio maana mafundi wavivu wanakwambia "ziko sawa" bila kuzigusa. Kwa gari ya turbo yenye km 78,000 mi ningeweka mpya za iridiamu na nisisubiri. Oili nayo, full synthetic 5W-30, inaingia lita tano na kidogo, badilisha kila km 5,000 hata kama muuzaji wa oili kakwambia yake inaenda 10,000, turbo inapikwa na moto mkali na oili ndo inaipoza. Na kitu kingine ambacho watu hawajui, FA20 inanyunyizia petroli moja kwa moja ndani ya silinda, haipiti kwenye vavu za hewa kama injini za zamani, kwa hiyo zile vavu haziogeshwi na petroli na zinaota masizi taratibu. Dawa ya kusafishia unayomimina kwenye tenki haifiki pale hata kidogo. Kama DAM iko 1, plagi mpya, na bado injini inatikisika ukiwa umesimama na gari inasita, hapo ndo tunafungua manifodi na kuangalia masizi, sio mapema.

Nimeshakujibu la kuflashi, yaani kuandika upya programu ya kompyuta ya injini, bila kulitaja. Hizo ramani, yaani programu, za steji wani zinazouzwa mtandaoni zimeandikwa na mtu aliyekuwa na petroli ya 98 kwenye tenki na yuko usawa wa bahari. Ukiiweka kwenye gari ambayo tayari inanoki umeiongezea presha injini inayoomba ipunguziwe. Kuflashi sio dhambi, ila iandikwe na mtu anayeirekodi gari yako hapa Arusha, na petroli yako, na DAM ikiwa 1 kabla hajaanza. Egzosi ni kelele tu kwa sasa, achana nayo. Limita ya 180 wameiweka Wajapani kwa magari ya kwao, na mi sioni utaitoa uende nayo wapi, Usa River 50, Boma Ng'ombe 50, kwa Sadala 50, na tochi zipo na faini ni 30,000 kwa kosa, wewe unapita pale kila wiki utakuwa unawalipia wenzako mishahara.

Kabla hata ya kuwaza 180 piga magoti uangalie tairi ubavuni, kuna namba nne ndani ya duara refu, kwa mfano 2414, maana yake imetengenezwa wiki ya 24 ya mwaka 2014. Magari mengi ya Japani yanashuka na tairi zenye kina kizuri ila mpira umezeeka, umekuwa mgumu, na hiyo inakuletea vitu viwili kati ya unavyolalamikia, ugumu na mlio. Alafu soma kibandiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva, upepo umeandikwa kwa kPa, ukikuta 230 hiyo ni PSI 33. Vijana wa pancha wengi wanajaza 40 kwa mazoea. Shusha iwe ya kibandiko uone Kikatiti itakavyokuwa. Haitakuwa kochi, shokapu zako ni Bilstein na rimu ni 18 zenye tairi nyembamba, ile gari imetengenezwa ikate kona na sio ilale kwenye matuta, hilo ulikubali uliponunua. Kuna watakaokwambia uweke spesa uinue. Ukiinua sana zile joint za kwenye ekseli zinakaa pembe mbaya na buti zake zinachanika, mi ningepita matuta pole pole tu.

Ukibadilisha tairi badilisha zote nne, aina moja, saizi moja. Hii gari inavuta mbele na nyuma muda wote, tairi mbili mpya na mbili zilizoisha zina mizunguko tofauti, na ile difu ya kati inabaki inapigana nazo safari nzima mpaka inachoka.

Mlio wa wuuuu utautambua mwenyewe barabarani. Chukua ile njia nne ya Sakina hadi Tengeru muda ambao haina foleni, nenda 70 alafu sikiliza. Ukibadilika lami inapobadilika, ni tairi. Ukiyumbisha usukani taratibu kushoto na kulia mlio ukaongezeka upande mmoja na kupungua mwingine, ni beringi ya gurudumu. Ukifuata mguu wako, yaani ukiachia mafuta unakata na ukikanyaga unarudi, basi ni CVT, na CVT kuimba kidogo ni kawaida yake ila mlio unaokua wiki hadi wiki sio kawaida. Kwa vyovyote oili ya CVT ibadilishwe maana hujui kama Japani ilibadilishwa, na iwe ya CVT ya Subaru ile ya toki kubwa, na kiwango chake kinapimwa oili ikiwa kwenye joto maalumu kwa mashine, sio kwa kukisia. Fundi akifungua kidumu cha ATF nyekundu, ile oili ya otomatiki za kawaida, mbele yako, funga boneti uondoke.

Mafuta km 7 kwa lita Arusha mjini, na foleni ya Kijenge, wala sishtuki. Wajapani waliitangaza km 13 na kidogo kwa lita kwa vipimo vyao vya maabara, gawanya kwa mbili na ukubali, japo plagi na upepo wa tairi vinaweza kukurudishia kidogo.

Hapo juu kwenye kioo cha mbele kuna kamera mbili, ndo EyeSight, inayokufungia breki ukizubaa. Stika za Nenda kwa Usalama na tinti zisipite mbele yake, lensi usiziguse na kitambaa, na siku kioo kikipasuliwa na jiwe la lori, kipya kikiwekwa kamera lazima zipangwe upya kwa mashine, la sivyo zitakuwa zinaona barabara imepinda.

Na huyo wa taimingi belti, mwambie asante. FA20 haina belti, ina cheni. Belti zilikuwa kwenye injini za EJ, za Impreza na Forester za nyuma, na ukimlipa mtu kwa kazi hiyo sijui ataenda kufungua nini. Ila hiyo inakuonesha anakupa ushauri wa gari nyingine, kwa hiyo na ule wa egzosi kama ni wake uuweke kando.

Fanya SI-DRIVE na upepo wa tairi leo, hizo hazina gharama. Plagi na oili zote mbili mwisho wa mwezi. Ukishapima DAM niandikie namba uliyoipata, picha ya plagi zote nne zikiwa zimepangwa kwa mpangilio wa silinda zilikotoka, na uniambie mlio umeangukia wapi kati ya tairi, beringi na CVT.